Programu ya mashine ya kufulia ni nini, na nguo za vumbi la Dodoma zinataka ipi?

Programu ya mashine ya kufulia ni maagizo yaliyopangwa tayari: maji yaingie kiasi gani, yapashwe hadi nyuzi ngapi, nguo zigeuzwe kwa nguvu gani na kwa muda gani, zisuuzwe mara ngapi, kisha zikamuliwe kwa kasi ipi. Ukizungusha swichi ikasimama kwenye "Cotton 60", yaani nguo za pamba kwa nyuzi 60, umeyachagua yote hayo kwa mkupuo.

Mwaka 1959 mkemia Mjerumani Herbert Sinner, wa kampuni ya Henkel, alieleza kuwa ufuaji unategemea mambo manne: sabuni, joto, muda na msuguano. Ukipunguza moja, jingine lazima liongezwe. Dobi wa mtaani analijua hilo siku nyingi. Maji yake ni ya baridi, kwa hiyo analoweka usiku kucha na asubuhi anafikicha kwa nguvu. Programu ya "Eco", ile ya kubana umeme, nayo iko hivyohivyo: inapunguza joto na kurefusha muda, wakati mwingine hadi zaidi ya saa tatu, mwenye nguo akadhani mashine imekwama.

Sasa tuje kwenye vumbi. Kiangazi cha Dodoma ni kirefu, upepo hautulii, na shati jeupe la shule linaondoka nyumbani asubuhi likirudi mchana lina rangi ya udongo. Wengi wakiliona hivyo wanakimbilia nyuzi 60 au 90. Lakini vumbi ni chembe za udongo, na udongo hauyeyuki hata ukiuchemsha. Kinachouondoa ni maji na mtikiso. Kwanza nguo zikung'utwe nje zikiwa bado kavu, maana vumbi likishalowa ni tope. Kisha chagua ufuaji wa awali, ule ambao kwenye mashine nyingi umeandikwa "Prewash", ili maji ya kwanza yenye tope yamwagwe kabla ya kufua kwenyewe. Baada ya hapo nyuzi 30 au 40 zinatosha.

Na usishindilie. Kama ngumi yako haipiti kati ya nguo na ukuta wa juu wa tumbo la mashine, nguo hazitaanguka na kupigana, zitazunguka zikiwa fungu moja, na msuguano ndio umeukosa.

Kola ni kesi nyingine. Ule mstari mweusi shingoni ni vumbi lililonaswa na jasho na mafuta ya ngozi. Ipake sabuni ya maji kidogo, fikicha, acha dakika kumi, ndipo uingize kwenye mashine kwa nyuzi 40. Mafuta yanataka uvuguvugu. Damu, maziwa na mayai ni kinyume chake: anza na maji baridi, kwa sababu joto linaigandisha protini kwenye nguo. Zabibu, ambazo huku hazikosekani, zisuuze papo hapo kwa maji matupu; sabuni ya mche ina magadi, na doa hilo likikutana nayo hugeuka kuelekea ubuluu.

Nyuzi 60 ziachie shuka, taulo, nepi za kitambaa na nguo za mgonjwa. Hata hapo kuna gharama. Kupasha lita kumi za maji kutoka nyuzi 22 hadi 60 kunakula takribani uniti 0.44 za umeme. Kuishia nyuzi 40 ni kama 0.21. Na kwa maji yetu kuna gharama ya pili. Sehemu kubwa ya maji ya mji yanatoka visimani, yakiwemo ya Mzakwe, na maji ya ardhini huwa na madini ya kalsiamu na magnesi. Chungulia ndani ya birika lako la umeme: kama lina magamba meupe, magamba hayohayo yanaganda kwenye kipasha maji cha mashine, na kadiri joto linavyopanda ndivyo yanavyoganda upesi. Madini hayo pia yanaila sabuni kabla haijaugusa uchafu. Ongeza sabuni kidogo, lakini iwe ya mashine. Ile ya kufulia kwa mkono inatoa povu jingi, na nguo zinazoelea kwenye povu hazisuguani.

Programu ya haraka, "Quick", ni ya nguo mbili tatu zilizovaliwa mara moja tu. Sare za wiki nzima haiziwezi. Kanga mpya inayochuja rangi ifuliwe peke yake, kwa maji baridi. Kama mashine yako ni ya matangi mawili na haina kipasha maji, loweka kwa muda mrefu zaidi, basi.

Kasi ya kukamua nayo isikusumbue. Mizunguko 1,400 kwa dakika ni ya watu wanaokaushia nguo ndani wakati wa baridi. Kwa jua na hewa kavu ya hapa, 800 inatosha, na mashati yanatoka na mikunjo michache. Blanketi na jinzi nzito ndizo za kupandishia hadi 1,000 au 1,200.