Testi zilikuwa kijani, maziwa ya mzee yanapungua

Mzee mmoja mfugaji wa Pongwe alikuja kituo cha kukusanya maziwa na daftari lake, akafungua ukurasa wa siku ile, kaandika kwa kalamu asubuhi lita 4.35. Halafu akatoa risiti iliyochapwa na programu niliyoandika mimi, lita 4.34. Akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, mashine yako inanilia maziwa." Nikamwambia mzee wangu naomba unisamehe, nipe mpaka kesho. Nikarudi zangu Chumbageni moyo umenishuka kwa sababu testi nilikuwa nimeandika, tena kwa hiyo hiyo 4.35, na zote zilikuwa zinapita.

Kwa anayeanza, testi ya uniti ni kipande kifupi cha kodi kinachoita fanksheni moja, kinaipa kitu unachokijua halafu kinakagua imerudisha nini. Kazi ya kukagua ndo ya asesheni. Ni wewe unaidai kompyuta, hapa lazima nipate 435, kama sivyo simama useme, na ikikuta sivyo inarusha AssertionError na testi inafeli. Bila asesheni testi inaendesha kodi tu, mradi haijaanguka njiani inahesabiwa imepita hata kama jibu ni la ovyo kabisa.

Sasa mi nilikuwa nageuza lita kuwa namba kamili za sehemu za mia, ili nihifadhi 435 badala ya 4.35, na fanksheni yenyewe, niliyoiita geuza, ilikuwa laini moja tu, `int(lita * 100)`. Fungua Python, lugha niliyoandikia programu, andika 4.35 * 100 uone, inakupa 434.99999999999994, maana kompyuta inahifadhi namba kwa mfumo wa mbili na 4.35 haikai humo kamili, inakaa karibu tu. Halafu int hairaundi, inakata kila kilicho nyuma ya nukta, unabaki na 434. Nilipojaribu kwa mkono nilitumia 4.5 na 4.25, na nusu na robo zinakaa kamili kwenye mfumo wa mbili, kwa hiyo sikuona kitu. Jaribu na 1.15 utapata 114.

Ila hilo la desimali watu wengi wanalijua, kilichoniuma ni testi. Nilikuwa nimeandika hivi, kwa unittest, zana ya testi inayokuja na Python yenyewe:

`self.assertTrue(geuza(4.35), 435)`

Isome polepole. assertTrue inaangalia kitu kimoja tu, cha kwanza, kama ni kweli au si kweli, na kwenye Python namba yoyote isiyo sifuri ni kweli. Ile 435 niliyoiweka pale inachukuliwa kuwa ujumbe wa kuonyesha testi ikifeli, hailinganishwi na chochote. Yaani fanksheni ingerudisha 434, ingerudisha 9, ingerudisha hasi elfu moja, testi inapita tu, na mi kwa miezi nilikuwa naona kijani, rangi ya testi zilizopita, nalala vizuri huku mzee anapunjwa.

Nikabadilisha neno moja tu:

`self.assertEqual(geuza(4.35), 435)`

Papo hapo ikaniambia `AssertionError: 434 != 435`. Angalia huo ujumbe, hauhitaji kuweka print wala kuhangaika, umeshaonyeshwa ulichopata na ulichotaka. Ndo maana nawasisitizia vijana tunaofanya nao kazi wachague asesheni inayofanana na swali. Ukiandika `assertTrue(a == b)` siyo kosa, inakagua kweli, lakini ikifeli inakwambia `False is not true` basi, na hapo unaanza upya kutafuta a ilikuwa ngapi.

Fanksheni niliirekebisha kwa Decimal, aina ya namba ya Python inayohifadhi desimali kama zilivyoandikwa, tena napokea lita kama maandishi, `Decimal("4.35")`, maana ukiipa 4.35 bila alama za nukuu kosa limeshaingia kabla hujaanza. Kama huna budi kubaki na desimali za kawaida, mfano wastani wa wiki, tumia assertAlmostEqual, yenyewe inaraundi tofauti kwenye nafasi 7 za desimali kisha inaangalia kama ni sifuri, kwa hiyo 1.1 + 2.2 ambayo Python inasema ni 3.3000000000000003 haikusumbui. Kwenye hela lakini usiitumie, hela iwe sawa sawa.

Na msisahau kutesti kinachotakiwa kukataliwa. Mtu akiingiza lita hasi, fanksheni yangu inarusha ValueError, yaani kosa la thamani isiyofaa, na hilo nalidai kwa `with self.assertRaises(ValueError):` halafu ndani yake ndo naita geuza. Usiite geuza ndani ya mabano ya assertRaises, kosa litarushwa kabla assertRaises haijaanza kazi.

Kuna aliyeniuliza kwa nini majina haya yana herufi kubwa katikati wakati Python yenyewe haiandiki hivyo. Ni urithi. Kent Beck alitengeneza zana ya testi iitwayo SUnit kwa ajili ya lugha ya Smalltalk, kisha yeye na Erich Gamma wakaandika JUnit ya lugha ya Java, na unittest ya Python ikafuata nyayo za JUnit, ikaingia kwenye Python 2.1 mwaka 2001. Ukitumia pytest, zana nyingine ya testi za Python, unaandika tu `assert geuza("4.35") == 435` na bado inakuonyesha pande zote mbili. Ila assert hiyo tupu usiitegemee kuzuia data mbaya kwenye programu yenyewe, mtu akiendesha Python kwa chaguo la -O zinaondolewa zote.

Mzee tulimrudishia kilichopungua kwa kufuata daftari lake siku kwa siku. Kisha nikapekua kodi nzima kutafuta assertTrue zenye vitu viwili ndani, nikakuta tatu nyingine. Mbili nilipozibadilisha zikapita. Ya tatu iko kwenye makato ya mwisho wa mwezi, inafeli, na ndo nimeikalia leo.