Dropu ya gemu sio upatu, hamna zamu yako

Mpwa wangu alinifuata kanuna, simu mkononi, "anko hili gemu limefiksiwa." Ni Minecraft, anatafuta mafuvu ya Wither Skeleton, skeletoni mweusi wa humo, maana yanatakiwa matatu ndo umuite Wither, jitu la kupigana nalo, na kila skeletoni huyo ukimuua kwa upanga wa kawaida kuna asilimia 2.5 ya kudondosha fuvu, yani mmoja kati ya 40. Yeye kaua 60 hajaona hata moja. Hesabu yake fupi tu: ukifika 40 lazima upewe, mimi nimepitiliza 20, kwa hiyo wananidai.

Hilo neno "wananidai" ndo ugonjwa wenyewe. Sisi watu wa takwimu tunalisikia kila siku, na sio kwa watoto tu, watu wazima wenye mvi wanalisema kwa maneno mengine. Nadhani linatoka kwenye upatu. Upatu wa watu 40 kila mwezi mmoja anapokea, mwezi wa 40 ukifika hakuna ambaye hajapokea, ndo maana mtu anaweza hata kukopa dukani akijua zamu yake ipo. Dropu, yani kile kinachodondoka ukiua adui, haina zamu, haina yule mama wa daftari anayeandika nani kala nani bado, kila skeletoni akianguka gemu linarusha dadu upya, dadu ya pande 40, na hiyo dadu haijui we umeua wangapi jana wala kama umekesha.

Tupige hesabu basi, haiumi. Kukosa kwa skeletoni mmoja ni 0.975. Kukosa kwa wawili mfululizo ni 0.975 mara 0.975. Ukizidisha hivyo mara 40 inabaki kama 0.36. Maana yake tukichukua wachezaji 100 kila mmoja aue skeletoni 40, kwa wastani 36 hivi wanaondoka mikono mitupu, 37 wanapata fuvu moja, na hao 27 waliobaki wanapata mawili au zaidi alafu wanakuja kuwatambia wenzao. Hamna aliyeonewa hapo. Hata ukiua 100 bado watu 8 kwa kila 100 hawana kitu. Na mpwa wangu na 60 zake? Asilimia 22, karibu mtu mmoja kwa kila watano yanamkuta hayo hayo, ila hao wanne wengine huwasikii wakilalamika si ndio.

Akaniuliza, kwa hiyo imebaki wangapi? Hapo ndo pagumu kumeza. Kwa wastani 40, kama vile hujaanza. Alikasirika kweli.

Na kuna ndugu yake kosa hili, yule anayesema leo nina nuksi ngoja nizime simu, nihame seva, nirudi usiku watu wakilala. Mmoja anasema nimekosa sana kwa hiyo iko karibu, mwingine anasema nimekosa sana kwa hiyo leo haitoki, wote wawili wanaamini dadu ina kumbukumbu.

Sasa ngoja, maana nisije nikawadanganya, kuna magemu ambayo kweli yana daftari. Wale wa eFootball, gemu la mpira, mnajua lile boksi la wachezaji 150 la kuvuta kwa bahati, na Epic watatu ndani, yani wale adimu, ukimtoa mchezaji harudi, kwa hiyo kila ukitoa wa kawaida boksi linapungua na nafasi yako inapanda kweli. Ule ni upatu, ila upatu mrefu. Vuta mara 10, nafasi ya kupata angalau Epic mmoja ni kama asilimia 19. Ili ufike nusu kwa nusu unatakiwa uvute mara 31. Lakini watu wengi hawamtaki Epic yeyote, wanamtaka yule mmoja, na huyo nusu kwa nusu yako iko kwenye mara ya 75, zidisha bei ya koini mwenyewe mimi simo. Genshin Impact, gemu lingine la kuvuta wahusika kwa bahati, nao asilimia ya mhusika wa nyota tano, yule adimu, ni 0.6 tu, ila ukifika mara ya 90 unapewa kwa lazima, na hiyo kinga isingekuwepo watu kama 58 kati ya 100 wangefika mara ya 90 hawajapata kitu.

Kwa hiyo kabla hujaweka hela swali ni moja, hii ni dadu au ni boksi? Majibu huwa yameandikwa humo humo kwenye gemu, sema maandishi madogo na hakuna anayesoma. China walilazimisha kampuni zitangaze asilimia kuanzia 2017, mwisho wa mwaka huo huo Apple nao wakaweka sharti hilo kwenye duka lao, ndo maana sahivi ukitafuta unaikuta.

Kichekesho ni kwamba watengenezaji wenyewe wanajua vichwa vyetu havikubali dadu ya haki. Fire Emblem, gemu la vita, tangu 2002 matoleo yake kadhaa yanarusha namba mbili badala ya moja na kutafuta wastani wake, na wastani huwa unavutwa katikati, kwa hiyo ukiona nafasi ya pigo kumpata adui imeandikwa asilimia 90 kiukweli ni 98. Wanakudanganya ili uone wanasema ukweli, maana wakikupa 90 halisi ukakosa mara moja kwenye kumi utasema wamefiksi.

Je kufiksi kweli kukiwepo tutakujuaje? Kwa kuhesabu, na kuhesabu yote, sio yale yanayouma tu. Mwaka 2020 mchezaji maarufu wa Minecraft anayeitwa Dream alikuwa anashindania rekodi za kumaliza gemu haraka, wasimamizi wa rekodi hizo wakakaa wakahesabu video zake sita mfululizo alizorusha moja kwa moja. Kwenye biashara 262 na piglini, viumbe wa humo unaowapa dhahabu wakakupa kitu, alipata lulu mara 42 wakati ilitegemewa kama 12, na kwenye blezi 305, maadui wa moto, aliowaua fimbo zilitoka 211 wakati ni nusu kwa nusu, yani 152 hivi. Ukiona moja peke yake unasema kabahatika, ila zote mbili, na baada ya kumpunguzia kila mashaka, walifika kwenye nafasi moja kati ya trilioni 7.5. Mei 2021 mwenyewe akakubali kwamba gemu lake lilikuwa na modi, yani programu ya kuongezea, iliyobadilisha dropu, ila akasema hakujua.

Mpwa wangu nilimpa daftari, kila skeletoni mstari, kila fuvu duara, akaanza na wale 60 wa mwanzo. Juzi nimekuta mistari 143 na maduara manne, hesabu ilitaka matatu na nusu. Nikamwambia umezidishiwa wewe. Akafunua kurasa za mwanzo zenye ile mistari 60 isiyo na duara akanionyesha, akasema anko hizi je?