Dhana potofu kuhusu kurekodi viumbe wa Unguja na Pemba

"Lazima ujue jina kwanza." Dhana hii ndiyo inayowazuia wengi. Ukimwona ndege msituni Ngezi usimtambue, mweke iNaturalist, programu ya simu na tovuti ya kurekodi viumbe, kama "ndege" tu. Wajuzi wanaweza kumfikisha kwenye spishi yake, hata kama ni baada ya miaka. Jina hungoja. Tarehe na mahali havingoji, na anayevijua ni wewe uliyekuwepo.

"Programu ikishataja jina, basi." Hapana. Programu hulinganisha picha yako na zile ilizofunzwa, na kiumbe asiyepigwa picha mara nyingi huweza kupewa jina la ndugu yake wa bara. Pemba ina chozi wake, ninga wake na bundi wake, wasioishi kwingine popote duniani, kwa hiyo tazama ramani ya mahali spishi iliyotajwa inapoishi kabla ya kukubali. Huyo bundi wala hahitaji kamera: sauti yake ikinaswa kwa simu usiku ni ushahidi tosha.

"Kunguru hana maana." Aliletwa kutoka India mwishoni mwa karne ya 19. Asipoandikwa, tutajuaje ameenea hadi wapi, au amepungua wapi?

"Kila chenye uhai ni cha porini." Mkarafuu wa shambani umepandwa, na kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu asili yao ni Shelisheli na wanafugwa. Wapige picha upendavyo, ila weka alama kwamba si wa porini.

"Ukitaja mahali, umewaonyesha wawindaji njia." Hofu hii ina haki yake. Kwa spishi nyingi zilizo hatarini, iNaturalist huficha mahali halisi: wengine huona nukta ya kubahatisha ndani ya eneo lenye takriban kilomita 22 kila upande, yaani zaidi ya nusu ya upana wa Unguja. Kwa kima punju wa msitu wa Jozani, Unguja, anayeonwa na kila mgeni kando ya barabara, kufichwa huko hakubadilishi mengi. Kwa paa nunga, anayewindwa kwa nyama, ni jambo kubwa. Tatizo ni kwamba mpigapicha mwenyewe huivunja kinga hiyo, akiandika kwenye maelezo "nyuma ya kisima cha kijiji fulani", au picha ikionyesha kibao cha njia. Kata picha, futa maelezo hayo, na kama spishi haikufichwa yenyewe, chagua kuficha mahali kabla ya kupakia.