Je, wajua kwa nini kazi yenye jasho jingi ndiyo yenye ujira mdogo?

Tangu tukiwa wadogo tumeambiwa mchumia juani hulia kivulini. Vumilia jua leo, kesho utakaa kitako ule ulichochuma. Sasa mtazame mtu anayechimba mtaro kwa sururu. Kaanza alfajiri, shati limemganda mgongoni, viganja vimeota sugu juu ya sugu. Hatua chache kutoka hapo, mwenzake amekaa ndani ya katapila, ana paa juu ya kichwa, anavuta wenzo huku na kusukuma kule. Jioni yule wa katapila anaondoka na ujira mara kadhaa ya ule wa mwenye sururu. Na mwenye katapila yake hakutia mguu pale siku nzima, naye ndiye aliyepata zaidi ya wote wawili.

Kama jasho ndilo linalolipwa, hesabu hii imekwenda kinyumenyume. Basi kinacholipwa ni nini hasa?

Swali lenyewe ni la zamani. Mwaka 1776 Adam Smith, Mskoti anayehesabiwa kuwa baba wa elimu ya uchumi, alieleza kwamba kazi ngumu, chafu au ya kudharauliwa huvuta ujira mkubwa kuliko kazi nyepesi na safi. Hoja yake inaingia akilini: kazi mbili zikilipa sawa, moja ya kukaa mezani na nyingine ya kuzibua mitaro ya maji machafu, nani ataiendea ya pili? Mwajiri itambidi aongeze dau. Lakini mwaka 1848 Mwingereza John Stuart Mill alitazama mambo yanavyokwenda akaona kinyume chake. Kazi zinazochosha na kuchukiza kupita zote, alisema, karibu kila mara ndizo zinazolipwa kidogo kupita zote, kwa kuwa huangukia watu ambao hawana pengine pa kwenda.

Wanaume hawa wawili hawapingani sana kama inavyoonekana. Smith alikuwa akizungumzia mahali ambapo mtu yuko huru kuchagua kazi aipendayo na kuiacha asiyoipenda. Mill alikuwa akiwatazama watu ambao uhuru huo hawana. Tofauti iko katika neno hilo moja, kuchagua, na mimi naamini sehemu kubwa ya jibu la swali letu imejificha humo.

Tuanze na soko. Soko halina mizani ya kupimia uchovu. Mwajiri hakuulizi umeumia kiasi gani. Anajiuliza mambo mawili kimoyomoyo: huyu akiondoka nitapata mwingine kwa urahisi gani, na mikono yake inaniingizia kiasi gani? Sururu inaweza kushikwa na yeyote mwenye nguvu, ndiyo maana langoni kuna watu kumi wanaosubiri kibarua kimoja. Wa katapila ni wachache, na kwa siku moja anahamisha udongo ambao wenye sururu wengi wangeuhangaikia kwa siku kadhaa. Nguvu hizo si za misuli yake, ni za chuma na dizeli. Ila malipo yanapitia mkononi mwake, na sehemu kubwa zaidi inakwenda kwa aliyenunua chuma hicho.

Hata mtu mwenye ujuzi uleule na chombo kilekile hulipwa tofauti kabisa kulingana na mahali alipo. Dereva wa basi wa Uswisi hulipwa mara nyingi zaidi ya dereva wa Bangladesh, ingawa huyu wa pili anakwepa mashimo, mikokoteni na watu wanaokatiza barabara kutoka asubuhi hadi usiku. Kwa ustadi wa usukani huenda akamzidi mwenzake. Kwa nini basi anaachwa mbali hivyo?

Wachumi wa Marekani William Baumol na William Bowen walilieleza jambo hili mwaka 1966 kwa kutumia muziki. Kipande cha Beethoven cha ala nne za nyuzi bado kinahitaji watu wanne, na muda wa kukipiga haujapungua tangu Beethoven alipokitunga. Tija ya wanamuziki hao haijaongezeka hata kidogo. Hata hivyo ujira wao umepanda sana, kwa sababu mitambo imeongeza tija katika kazi nyingine nyingi, mishahara ya huko ikapanda, na wanamuziki wasipoongezwa watahamia huko. Ndivyo ilivyo kwa dereva wa Uswisi. Ndani ya mshahara wake imo mitambo ya majirani zake, zimo shule zao, zimo reli na benki zilizojengwa kabla hajazaliwa. Anaupokea kwa jina lake, lakini umechangiwa na wengi.

Mchumi Branko Milanovic alijaribu kulipima hili kwa dunia nzima, akachapisha matokeo mwaka 2015. Alichukua mambo mawili ambayo mtu karibu hana mamlaka nayo: nchi anayoishi na jinsi kipato kinavyogawanyika katika nchi hiyo. Mambo hayo mawili peke yake yalieleza zaidi ya nusu ya tofauti za vipato kati ya watu wa dunia. Nafasi inayobaki kwa bidii, kipaji na bahati vyote kwa pamoja ni ndogo kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Sisemi bidii haina kazi. Waweke watu wawili katika hali moja, mmoja mchapakazi na mwingine mzembe, na mara nyingi utaona mchapakazi ametangulia. Ajizi ni nyumba ya njaa, na hilo hakuna anayelibisha. Ninachokataa ni kuwapima kwa kipimo hicho watu waliosimamishwa kwenye ngazi tofauti, mmoja yuko chini kabisa na mwingine kazaliwa karibu na dari.

Kuna mfano mmoja ambao naurudia kila tunapozungumza mambo haya. Mwaka 1976 Muhammad Yunus, mwalimu wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Chittagong nchini Bangladesh, alikwenda katika kijiji jirani kiitwacho Jobra. Alimkuta mwanamke wa miaka 21, mama wa watoto watatu, akisuka vigoda vya mianzi nje ya nyumba yake. Kazi yake ilikuwa safi na vidole vilikwenda haraka. Yunus akamuuliza hesabu zake. Mianzi ya kigoda kimoja iligharimu taka 5 (taka ni fedha ya Bangladesh, na taka moja ni poisha 100), na yule mama hakuwa na hizo taka 5. Kwa hiyo alikuwa akikopeshwa na mlanguzi, kwa sharti kwamba jioni amuuzie mlanguzi yuleyule kigoda, si mtu mwingine. Mlanguzi alikichukua kwa taka 5 na poisha 50. Faida ya yule mama ilikuwa poisha 50, sawa na senti 2 za Marekani wakati huo.

Tulia kwenye hesabu hiyo kidogo. Ustadi anao, bidii anayo, wateja wa vigoda wapo. Alichokosa ni taka 5 tu, na kwa kukosa taka 5 alipoteza haki ya kutafuta bei. Angefanya kazi mara mbili zaidi angepata senti 4, na mlanguzi naye angeongezewa faida. Hii ndiyo kazi ya kijungujiko: inajaza chungu cha leo, na kesho asubuhi chungu ni kitupu kama jana. Yunus alipomtuma mwanafunzi wake aorodheshe watu wa kijiji hicho waliofungwa kwa namna hiyo, walipatikana 42. Deni lao wote kwa jumla lilikuwa taka 856, hazikufika hata dola 27.

Sasa lilinganishe hilo na jaribio lililofanywa Ujerumani na Werner Güth na wenzake, likachapishwa mwaka 1982, na tangu hapo limerudiwa katika nchi nyingi. Mtu mmoja anapewa fedha na kuambiwa amgawie mwenzake kiasi anachotaka. Mwenzake akikubali, kila mmoja anachukua fungu lake. Akikataa, wote wawili wanaondoka mikono mitupu. Kwa hesabu kavu, huyu wa pili angekubali chochote, maana kidogo ni bora kuliko kukosa. Lakini watu hawafanyi hivyo. Akigawiwa chini ya sehemu moja ya tano, mara nyingi mtu hukataa. Yuko tayari akose kuliko kudharauliwa. Na wagawaji wanalijua hilo, kwa hiyo wengi hugawa karibu nusu kwa nusu.

Kwa hiyo hisia ya haki tunayo, tena kali. Lakini mshiriki wa jaribio akikataa, anarudi nyumbani akale chakula chake cha jioni kama kawaida. Mama wa Jobra angekataa senti 2, watoto wangelala njaa. Yule anayeweza kusema hapana hugawiwa vizuri. Asiyeweza hupewa kinachobaki. Ukitaka kujua kwa nini jasho lake ni la bei rahisi, anzia hapo.

Lugha yetu yenyewe inalijua jambo hili. Neno tajiri tumelipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni mfanyabiashara. Mpaka leo mwajiri au mwenye chombo huitwa tajiri na wanaomfanyia kazi, hata kama chombo chenyewe ni kimoja tu na kimechakaa. Maskini nalo limetoka Kiarabu, katika mzizi uleule uliozaa maskani. Ni mzizi wa kutulia, na wataalamu wa zamani wa lugha hiyo walilifasiri maskini kuwa ni mtu ambaye ufukara umemtuliza, hana pa kusogea. Naliona fasiri hii ni ya kweli kuliko takwimu nyingi. Benki ya Dunia, tangu Juni 2025, inamhesabu mtu kuwa fukara kabisa akiishi kwa chini ya dola 3 kwa siku, na kipimo hicho kina manufaa yake. Ila Amartya Sen, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1998, alitumia miaka mingi kufafanua kwamba fedha ni njia tu. Umaskini, kwake yeye, ni kukosa uwezo wa kuishi maisha ambayo mtu ana sababu ya kuyathamini. Utajiri kwa maana hiyo ni nafasi: ya kukataa kazi, ya kungoja bei nzuri, ya kuugua wiki moja bila kuuza kitanda.

Mbona basi tunapenda kusema maskini ni mvivu? Mwaka 1966 wanasaikolojia Melvin Lerner na Carolyn Simmons waliwaonyesha wanafunzi mwanamke aliyeonekana akipigwa shoti za umeme kila alipokosea jibu. Alikuwa akiigiza, lakini watazamaji hawakujua. Walipopewa nafasi ya kumwondoa katika mateso hayo, walimwona ni mtu mwema. Walipoambiwa mateso yataendelea nao hawana la kufanya, walianza kumshusha hadhi, kana kwamba ana kasoro fulani iliyomstahilisha kuumia. Tunatamani sana dunia iwe ya haki. Tukishindwa kuirekebisha, tunamlaumu aliyeumia ili tulale usingizi. Ni jambo la kusikitisha, nami nimewahi kujikuta nikilifanya.

Na shida yenyewe hula akili. Mwaka 2013 kundi la watafiti lilichapisha matokeo kuhusu wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India. Wakulima hao hulipwa kwa mkupuo baada ya mavuno, kwa hiyo kabla ya mavuno wana dhiki na baada yake wana nafuu. Watu walewale, wakipewa mitihani ya kufikiri, walifanya vibaya zaidi kabla ya mavuno. Akili hazikuwa zimebadilika, ila nusu ya fikra ilikuwa kwenye madeni.

Ushahidi unaonigusa kuliko wote unatoka tena Bangladesh. Shirika la maendeleo la huko, BRAC, liliwapa wanawake maskini kabisa mifugo, hasa ng'ombe, pamoja na mafunzo ya kuitunza. Watafiti walizifuatilia kaya zaidi ya 21,000 katika vijiji 1,309 kwa miaka saba kuanzia 2007. Kabla ya hapo wanawake hao waliishi kwa vibarua vya msimu: kupalilia, kuvuna, kazi za ndani. Msimu ukiisha walikaa, na aliyepita njiani angeweza kusema wamekaa tu. Walipopata ng'ombe hawakulegea. Walifanya kazi zaidi kuliko mwanzo, maana ng'ombe anataka majani na kukamuliwa kila siku, na kipato chao kikapanda. Miaka iliyofuata baadhi wakanunua mifugo zaidi, wengine wakapata ardhi. Si wote waliofika: uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba waliopata msaada lakini wakabaki chini ya kiwango fulani cha mali waliteleza kurudi walikotoka, na waliovuka kiwango hicho, hata kwa kidogo, waliendelea kupanda.

Vijijini humo likatokea jambo moja ambalo Smith na Mill wote wangelitambua. Wanawake hao walipopunguza kutafuta vibarua, waajiri walipata mikono michache ya kuchagua. Palizi ni ileile, jua ni lilelile, lakini ujira wa vibarua ulipanda.