Je, wajua kwa nini Mkorea akisema "mwalimu ni mzuri" huweza kueleweka kuwa anampenda?

Mwezi wa pili wa kujifunza Kikorea, nilimwambia kijana wa Kikorea aliyekuwa akinisaidia mazoezi: Seonsaengnimi joayo. Nilijivunia sana ile sentensi. Seonsaengnim ni mwalimu, joayo kamusi inasema ni "-zuri", basi nimesema mwalimu wetu ni mzuri, anafundisha vizuri. Kijana akainamisha kichwa kuficha kicheko, kisha akaniuliza taratibu: "Tangu lini?"

Kumbe nilikuwa nimetangaza kwamba nampenda mwalimu.

Kosa halikuwa katika matamshi, na maneno yote yalikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kuiamini kamusi iliponiambia kwamba jota (좋다), neno ambalo joayo imetoka humo, ni sawasawa na "-zuri" yetu. Si sawasawa. Ukitaka kuishika jota, iondoe kwenye jamii ya -zuri uipeleke kwa jamaa zake wa kweli katika Kiswahili: kunoga, kufaa, kupendeza. Yaani vitenzi.

Tuanze na tabia ya -zuri. Sisi kivumishi chetu ni mfuasi wa nomino: mtoto mzuri, kitabu kizuri, maji mazuri, mahali pazuri. Mkorea anayejifunza Kiswahili (na wapo, Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni huko Korea Kusini kinakifundisha) hapa ndipo anapoanza kukuna kichwa, maana kwao hakuna ngeli. Kwa jota, kitabu, maji, mahali na mtoto ni mamoja. Haibadiliki kwa sababu ya kinachosifiwa.

Inabadilika kwa sababu nyingine. Hubadilika kufuatana na wakati, na zaidi ya yote kufuatana na mtu unayezungumza naye. Isitoshe, haihitaji "ni". Nalssiga joayo, hali ya hewa nzuri, basi, sentensi imekamilika. Ni kama sisi tunavyosema "chai imenoga" au "gauni limependeza": sifa imo ndani ya kitenzi chenyewe. Siku nilipoacha kuwaza "-zuri" nikaanza kuwaza "imenoga", nusu ya sarufi ya Kikorea ilinifungukia.

Sasa, anayetazama tamthilia za Kikorea atakuwa amelisikia neno hili mara mia bila kujua ni lile lile. Joa. Joayo. Joseumnida. Joeun. Joko. Jonne. Wote hao ni mtoto mmoja aliyebadilishiwa nguo. Mzizi wake unaandikwa joh-, na hiyo h ya mwisho ndiyo mchawi wa mchezo mzima. Ikifuatwa na irabu, inatoweka: huandikwa joh-ayo, husikika jo-a-yo. Ikikutana na d, g au j inaziongezea pumzi, zinasikika kama t, k na ch zenye mpulizo, ndiyo maana joh-da inakuwa jota, joh-go inakuwa joko na joh-jiman inakuwa jochiman, "ni nzuri, lakini". Mbele ya s inaikaza ile s, na mbele ya n inamezwa kabisa. Weka kiganja mbele ya mdomo ukisema jota. Usiposikia upepo kwenye ta, hujaitamka.

Mavazi yenyewe yanafuata heshima. Kwa rika lako au mdogo wako, joa. Kwa mtu mnayeheshimiana naye kawaida, muuza duka, jirani, mfanyakazi mwenzako usiyemzoea, joayo. Kwenye taarifa ya habari, jeshini au mbele ya wakubwa ofisini, joseumnida. Tazama tu kijana wa ofisini katika tamthilia yoyote: bosi anapendekeza waende kula, anajibu "joseumnida" huku mgongo umenyooka, simu ya rafiki inaita, anatoka kwenye korido, na kwa ule ule mwaliko wa kwenda kula anasema "joa!" Kwa hayo majibu mawili hakuna kinachosifiwa hata kidogo. Maana yake ni "haya", "sawa, twende". Mtu akikualika chai nawe ukajibu joayo, umekubali.

Turudi kwa mwalimu wangu, maana hapo ndipo penye utamu.

Kikorea huweka kijineno baada ya nomino kuonyesha kazi yake kwenye sentensi. I au ga huonyesha kiima. Eul au reul huonyesha kinachotendewa. Ukisema keopiga joayo, kahawa imewekewa ga, kwa hiyo kahawa ndiyo kiima. Neno kwa neno ni "kahawa nzuri", lakini Mkorea anasikia "kahawa inanipendeza", yaani naipenda. Wala hili si geni kwetu. Fundi akikuonyesha vitambaa viwili ukamwambia "hiki kimenipendeza", kitambaa ndicho kiima, ila habari inayotolewa ni ya moyo wako. Jota inafanya kazi hiyo hiyo, tofauti yake ni kwamba "-ni-" haisemwi. Inaeleweka tu kwamba anayependezwa ni msemaji. Ndiyo maana "mwalimu" wangu mwenye i, akifuatwa na joayo, aligeuka kuwa "mwalimu ananipendeza". Na kijana akataka tarehe.

Kipo kitenzi kingine cha kupenda, joahada, kilichozaliwa na jota kwa kuongezewa hada, "kufanya". Hiki hutumia reul: keopireul joahaeyo, naipenda kahawa. Wanafunzi wengi huambiwa kwamba viwili hivi ni sawa, wachague wapendacho. Ukiwa unajisema wewe mwenyewe, karibu ni kweli. Lakini jaribu kumsema mdogo wako. Kusema kwamba mdogo wangu kahawa "ni joayo" kunamkwaruza Mkorea masikio, kwa sababu jota ni hisia ya ndani, na ndani ya mtu mwingine huingii. Unachoweza kukiona ni matendo yake: anainywa kila asubuhi, anaisifia, ikiisha ananuna. Hapo inahitajika ile "kufanya": dongsaengi keopireul joahaeyo. Anaonyesha kuipenda. Huzuni nayo iko hivyo hivyo. Mimi nikihuzunika ni seulpeuda, yule akihuzunika ni seulpeohada.

Halafu kuna kipengele kidogo ninachokipenda kuliko vyote. Katika swali unaruhusiwa kumwuliza mwenzako joayo? juu ya moyo wake mwenyewe, maana sasa mwenye moyo ndiye atakayejibu. Sarufi nzima imejengwa juu ya adabu ya kutojifanya unajua yaliyo moyoni mwa mtu.

Basi nilipaswa kusema nini siku ile? Joeun seonsaengnimieyo. Jota ikitangulia nomino huwa joeun, na hapo mapenzi yote hufutika: ni mwalimu mzuri, kwisha.

Ila hata joeun ina mtego kwa Mswahili. Sisi tukisema "msichana mzuri", anayesikia kwanza anawaza sura. Joeun saram ni mtu mwema, mwenye roho nzuri, sura haimo. Ya sura ina neno lake, yeppeuda. Kwa hiyo joeun inapokaa mbele ya mtu, mara nyingi tafsiri yake ni -ema, si -zuri. Na mezani usiitegemee kabisa. Ukionja supu ya mama mwenye nyumba ukasema joayo, atakuelewa, lakini hatatabasamu kama angetabasamu kwa masisseoyo. Hiyo imetokana na mat, ladha, na itda, kuwepo: ladha ipo. Hadithi au filamu nzuri nayo ni jaemiisseoyo, raha ipo. Na kusema kwamba mtu anaimba vizuri, hutumii jota. Huwekwa jal, "vizuri", mbele ya kitenzi.

Jota inatawala kwingine, hasa mwilini. Meoriga jota, "kichwa kizuri", ni mtu mwenye akili. Nuni jota, jicho zuri, ni anayeona mbali bila miwani. Gibuni jota ni kuwa na furaha, na saiga jota, "katikati yao ni pazuri", ni watu wanaopatana. Ukiwekewa sahani ya kitu usichokitambua na mwenyeji akasema mome joayo, "kinaufaa mwili", jua kuna uwezekano mkubwa kikawa kichungu. Wenyewe wana methali: joeun yageun ibe sseuda, dawa nzuri ni chungu mdomoni. Wana nyingine pia ambayo kwetu ingezua ubishi: bogi joeun tteogi meokgido jota, andazi la mchele linalopendeza machoni ni tamu pia kulila. Waliosema "uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti" wasingekubali.

Matumaini nayo huombewa kwa neno hili hili. Biga omyeon jokesseoyo: mvua ikinyesha itakuwa vizuri, yaani laiti ingenyesha. Na ukifungua video ya Mkorea yeyote mtandaoni, mwishoni atakuomba gudok na joayo. Ya kwanza ni kujiandikisha kwenye chaneli yake. Ya pili ni kile kidole gumba; kitufe chenyewe wamekiita joayo. Ni jina zuri kwa kazi ile, maana halikulazimishi kuamua kama unaisifu video au unaeleza ulivyojisikia.

Swali linalobaki ni neno lenyewe limetoka wapi. Bahati nzuri Wakorea wana kumbukumbu. Mfalme Sejong aliunda herufi za Hangul mwaka 1443, zikatangazwa rasmi mwaka 1446, na kwa kuwa herufi hizo hufuata sauti kwa karibu, maandishi ya karne ya 15 yanatuonyesha watu walivyotamka. Humo "-zuri" haiandikwi jota. Inaandikwa dyota (둏다). Na jota ipo pia, lakini ni neno jingine kabisa, lenye maana ya kuwa safi, bila taka. Baadaye sauti ya dy ikalainika kuelekea j, jambo la kawaida katika lugha nyingi, na maneno mawili yakajikuta yanatamkwa sawa. Nyumba ikawa ndogo kwa wawili. Maana ya usafi ikatoka, maana ya uzuri ikabaki na jina la mwenzake.

Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu. Mtu akituuliza habari za kazi, sisi tunajibu nini? "Safi!" Wakorea walifika hapo kwa ajali ya matamshi, sisi kwa mazoea ya mtaani, lakini tumekutana kibarazani.

Kuna mahali pamoja ambapo jota husikika uchi, bila joayo wala joseumnida, hata mbele ya wazee. Ni kwenye pansori, utambaji wa kuimba ambao UNESCO iliutambua mwaka 2003 kuwa miongoni mwa hazina za urithi usioshikika. Mwimbaji husimama peke yake na pepeo mkononi. Mpiga ngoma huketi kando yake, na kisa kimoja kizima kinaweza kuchukua saa kadhaa. Hadhira hainyamazi. Mwimbaji akimaliza mstari uliomchoma mtu, mpiga ngoma au yeyote aliyeketi hupaza sauti: "Eolssigu!" au "Jota!" Miito hiyo huitwa chuimsae, na kazi yake ni ile ya wale wanaoinuka kwenda kumtuza mwimbaji wa taarabu: kumtia nguvu aendelee. Ila ina wakati wake. Unangoja sauti yake ishuke, ngoma ijibu pigo moja, na katika kile kijinafasi kabla hajavuta pumzi nyingine, ndipo unapoiachia, na ule upepo kwenye ta usikike hadi jukwaani.