Kodi ya kaunsili na mapipa mapya England: yanayosemwa na yaliyo kweli

Tangu habari za mapipa mapya zianze kuenea, Waswahili tunaoishi England tunatumiana ujumbe wa kutishana. Unaosambaa zaidi unasema kaunsili, yaani halmashauri za mitaa, sasa zitatoza ada kwa kila pipa.

Si kweli. Kuanzia 31 Machi 2026, sheria inazitaka kaunsili za England zichukue taka za nyumbani kwa mafungu manne: mabaki ya chakula; karatasi na maboksi; plastiki, makopo na chupa za glasi pamoja; kisha taka zinazobaki. Baadhi zimeongezewa muda kwa sababu ya mikataba ya zamani. Kuyachukua mafungu hayo hakuna ada ya ziada. Kinachoruhusiwa kutozwa ni taka za bustani, na vitu vikubwa kama sofa na godoro. Kwa hiyo ukipata barua ya ada ya mwaka ya pipa, isome mpaka mwisho kabla ya kulipa. Mara nyingi ni pipa la majani na matawi, nalo ni la hiari.

Wengine wanasema: “Kodi ya kaunsili ni pesa ya taka, wasipochukua silipi.” Maneno haya yalipata nguvu wazoa taka wa Birmingham walipogoma mwaka 2025 na mifuko ikarundikana barabarani. Hasira ile naielewa kabisa. Lakini kodi hiyo hugharimia pia matunzo ya wazee, polisi na zimamoto, na ukiacha kulipa utaitwa mahakamani. Kiwango chake hufuata thamani ya nyumba ilivyokadiriwa kwa tarehe 1 Aprili 1991, si wingi wa taka zako. Kama unataka kupunguza mzigo, njia halali ipo: mtu mzima anayeishi peke yake hupunguziwa asilimia 25, na nyumba ya wanafunzi pekee wanaosoma muda wote haitozwi. Inaniuma kuona ndugu zetu wanalipa kamili kwa sababu tu hawakuomba.

Kuhusu chakula, hofu ni harufu. Kile kipipa kidogo chenye mkono, ukiupeleka mbele, hujifunga, mbweha hakifungui, na sheria inataka kibebwe kila wiki. Ugali uliolala, maganda ya ndizi, miiba ya samaki, majani ya chai, vyote humo.

Halafu faini. Ganda la ndizi likiingia pipa lisilo lake, hutozwi siku hiyo hiyo. Kaunsili lazima ikuonye kwanza kwa maandishi, na iwe taka zako zinaleta kero kwa majirani au kuchafua mtaa. Faini ya kuogopwa ni nyingine, nayo haizungumzwi kabisa. Mtu mwenye gari anagonga mlango, anakwambia atakubebea kochi la zamani kwa pauni 20. Akilitupa kando ya barabara na likajulikana ni lako, wewe unaweza kutozwa hadi pauni 600 kwa kumpa taka mtu asiye na kibali. Kabla hajalinyanyua, muulize jina la biashara yake, litafute kwenye orodha ya wabeba taka katika tovuti ya Environment Agency (idara ya serikali ya mazingira), kisha mdai risiti.