Mbwa Anayechomoka Getini: Mfundishe Kuitika

Malalamiko ya wafugaji wa mbwa mjini hufanana sana. Geti likifunguliwa gari liingie, mbwa anachomoka. Mtoto akitumwa dukani, mbwa anampita miguuni. Akishatoka haitiki, wala hageuki nyuma, na atarudi atakapotaka mwenyewe, pengine kesho yake alfajiri akiwa na matope mwili mzima au akichechemea. Mwenye mbwa anapofika kliniki huomba dawa ya kumtuliza, au huuliza anunue mnyororo wa urefu gani. Dawa ya namna hiyo hatumpi, kwa sababu mbwa huyo si mgonjwa. Hajafundishwa kurudi, na mara nyingi, bila mwenye mbwa kujua, amefundishwa asirudi.

Jambo hili si la mwenye mbwa peke yake. Kichaa cha mbwa huua watu wanaokadiriwa kuwa 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote wakiwa Afrika na Asia, na karibu kila mgonjwa huwa ameambukizwa na mbwa. Katika kila watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wasiofika miaka 15. Mbwa anayezurura ndiye anayekutana na mbwa wengine wasiochanjwa, ndiye anayemuuma mtoto aendaye shule, na ndiye anayemwangusha mwendesha bodaboda. Hata wanyamapori huumia. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa virusi unaowapata mbwa, uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi ndio waliohusishwa na kuusambaza. Tena kwetu Pwani kuna heshima ya ujirani. Jirani Mwislamu akiguswa na mate ya mbwa itambidi aoshe mahali palipoguswa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa wako akijipenyeza barazani kwake wakati anajiandaa kwa swala, umemkosea, hata kama mbwa hakuuma mtu.

Tuanze na sababu. Mbwa wengi wa ulinzi hufungiwa bandani tangu asubuhi na kufunguliwa usiku watu wakilala. Mchana kutwa anasikia sauti na kunusa harufu za mtaa ambao hajawahi kuuona, kwa hiyo siku upenyo ukipatikana hawezi kujizuia. Kumfunga mnyororo saa zote hakusaidii, kunamwongezea ukali na hamu ya kutoka. Mbwa anayetembezwa kwa kamba nusu saa asubuhi, akinusa kila nguzo na kila mtaro anaotaka, hupunguza utoro hata kabla ya kufundishwa jambo lingine lolote. Nawasihi wenye mbwa wajaribu hili kwanza, kwa kuwa halina gharama.

Sasa tutazame kosa linaloharibu mbwa wengi. Bobi ametoroka saa moja asubuhi. Saa tatu anaonekana getini, mkia chini. Baba mwenye nyumba anasimama kibarazani na kuita: “Bobi, njoo!” Bobi anasogea, anasita, analala kifudifudi, anasogea tena. Akifika anakamatwa shingoni, anachapwa fimbo mbili tatu na kusukumwa bandani. Mzee anaamini amemwadhibu kwa kutoroka. Lakini mbwa hawezi kuiunganisha fimbo ya saa tatu na geti la saa moja. Anachounganisha ni tendo la mwisho kabla ya maumivu: niliitwa, nikaenda, nikapigwa. Wiki ijayo akiitwa atasimama mbali akitazama, na watu watasema ana kiburi.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya nyumba ni kwamba mbwa anayerudi hapigwi wala hafokewi, hata kama ametoka kula kuku wa jirani. Hasira hiyo imeze. Sheria hii waijue watoto, dada wa kazi na mlinzi, maana mmoja wao akiivunja anabomoa kazi ya wote.

Kuna namna nyingine ya kosa hilohilo isiyoonekana haraka. Mbwa anaitwa pale tu anapotakiwa kufungiwa, kuogeshwa dawa ya kupe au kudungwa sindano. Basi “njoo” inakuwa habari mbaya kila siku. Mwite mara nyingi bila sababu, mpe kitu kitamu, kisha mwache aendelee na mambo yake. Akitakiwa kufungiwa, mfuate alipo.

Chagueni neno moja, na nyumba nzima ilitumie hilohilo. Ukiita “njoo”, mwenzio akisema “hapa” na mwingine akipiga mluzi, mbwa hashiki lolote. Liseme mara moja kwa sauti ya furaha, usilirudie mara tano, maana atazoea kusubiri la tano. Kama neno la zamani limeshaharibika kwa fimbo, liache kabisa na uanze na jipya.

Malipo yawe ya kumfanya atamani. Dagaa wakavu wanafaa sana kwa sababu ya harufu yao, na vilevile firigisi au mapafu yaliyochemshwa na kukatwa vipande vidogo kama ukucha. Mpe palepale anapofika, ndani ya sekunde moja au mbili. Ukichelewa hadi uende jikoni, ameshasahau analipwa kwa lipi. Mfundishe kabla ya mlo, akiwa na njaa kidogo. Dakika tano mara mbili au tatu kwa siku zinashinda saa nzima ya Jumapili.

Anza sebuleni au kibarazani, hatua chache tu kati yenu. Akiwa anakuja mbio kila unapoita, hamia uani, kisha uwanjani ukiwa na kamba ya kama mita 10. Kamba hii ni ya usalama, si ya kumburuta. Usiizungushe mkononi, mbwa mkubwa akichomoka atakuumiza vidole. Ukimwita asipokuja, jua umeongeza umbali au vishawishi mapema mno. Rudi nyuma hatua moja. Usimfungue kamba mahali pa wazi mpaka aitike hata kukiwa na kuku, mbuzi na watoto wanaocheza mpira.

Zoezi la getini lina uzito wake peke yake, na hapa ndipo ningependa wafugaji watumie muda zaidi. Mvalishe mbwa kamba, mwenzako aishike. Gusa komeo. Akirukia geti, ondoa mkono na usubiri bila kusema neno. Gusa tena. Baada ya majaribio kadhaa atasita, atakutazama, pengine ataketi. Hapo mpe dagaa. Fungua geti upana wa kiganja. Akiinuka, funga taratibu. Endelea hivyo hadi geti likae wazi kabisa yeye ameketi, na atoke tu ukimwambia “twende”. Baadaye rudia gari likiingia, kisha mgeni akiingia. Mlinzi ndiye anayefungua geti mara nyingi kuliko wote, kwa hiyo yeye ndiye wa kufundishwa kwanza.

Mtoto wa mbwa aanze mara anapofika nyumbani, hata wiki ya nane, kwani umri huo anapenda kufuata watu. Mbwa mzima naye hujifunza, ila atahitaji uvumilivu zaidi.

Kuna utoro ambao mazoezi peke yake hayauwezi. Jike huingia kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume, takriban mara mbili kwa mwaka, kwa muda wa wiki tatu hivi, na madume ya mtaa mzima hupata harufu yake. Siku hizo jike afungiwe ndani. Kama huhitaji watoto, wote wawili wahasiwe na daktari wa mifugo, kwa dawa ya usingizi, si kwa wembe wa nyumbani. Kuhasi humpunguzia dume hamu ya kuzurura, na huwapunguzia wote hatari ya uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana.

Siku akichomoka licha ya yote, usimkimbize. Kwake huo ni mchezo na miguu yake ni minne. Mwite mara moja kwa furaha, geuka, kimbia kuelekea nyumbani, kisha chuchumaa. Akirudi na jeraha la kuumwa usilishike kwa mikono mitupu. Mfungie peke yake na umpigie daktari wa mifugo, hata kama amechanjwa. Chanjo ya kichaa huanza akiwa na miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Na kama ameuma mtu, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, majeruhi aende hospitali siku hiyohiyo, naye mbwa asiuawe bali afungiwe na kuangaliwa na mtaalamu wa mifugo kwa siku 10.